Mtunga Programu na Msimamizi wa Hifadhidata: Ulinganisho wa Stadi Mbili kwa Mfano wa Daftari la Wapiga Kura katika Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Mwaka 2023 raia wengi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waligundua kwamba kadi za wapiga kura walizopewa miezi michache tu kabla yake zilikuwa zimefifia. Picha zilipauka, herufi zikatoweka, na mwenye kadi akabaki na kipande kitupu kisichomtambulisha kwa mtu yeyote. Jambo hilo halikuwa dogo. Nchini Kongo kadi ya mpiga kura imekuwa ikitumika pia kama kitambulisho cha muda cha raia. Kwa hiyo mtu asafiriye kutoka Kabambare kwenda Kasongo, au kutoka Kasongo kwenda Kindu, huihitaji hata katika mwaka usio wa uchaguzi. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (CENI) ililazimika kutoa nakala mpya.

Nakala hizo ziliwezekana kwa sababu moja tu: kilichofutika kilikuwa wino, si kumbukumbu. Jina, picha na namba ya mwenye kadi vilikuwa vimehifadhiwa mahali pengine, na mahali hapo palikuwa na watunzaji. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tukio hili laonyesha upande wa pili wa methali hiyo: mali yenye daftari, hata ikiharibika mkononi mwa mwenyewe, yaweza kurudishwa.

Makala hii inakusudia kulinganisha stadi za wataalamu wawili wanaosimama nyuma ya daftari la namna hiyo, yaani mtunga programu na msimamizi wa hifadhidata. Mara nyingi watu wasio wa fani huwachanganya na kuwaita wote "watu wa kompyuta". Hoja inayotetewa hapa ni kwamba stadi hizo si ngazi mbili za kazi moja, bali ni kazi mbili zenye maadili tofauti. Kwamba katika mahali penye uhaba wa wataalamu, kama Maniema ya kusini, anayesahaulika ndiye anayepaswa kutangulia. Na kwamba wote wawili hupungukiwa iwapo hawakusaidiwa na elimu ya lugha.

2.0 Istilahi

Kabla ya kulinganisha kazi, yafaa kutazama maneno. Kwa dhana ya mkusanyiko wa data uliopangwa katika kompyuta, Kiswahili kina istilahi mbili zinazoshindana. Ya kwanza ni kanzidata, iliyoundwa kwa neno la kale kanzi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya hazina. Ya pili ni hifadhidata, iliyoundwa kwa kitenzi kuhifadhi. Istilahi ya kwanza yasisitiza thamani ya kilichomo; ya pili yasisitiza tendo la kukitunza. Katika makala hii imetumiwa istilahi ya pili, kwa kuwa ulinganisho wenyewe unahusu tendo hilo.

Msimamizi wa hifadhidata ni mtu aliyekabidhiwa data zilizokwisha kukusanywa ili zibaki sahihi, salama na zenye kupatikana. Mtunga programu ni mtu anayeandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata ili itende kazi fulani. Tofauti yao yaweza kuonekana katika vitenzi vyenyewe: kutunga ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo, kusimamia ni kukaa juu ya kitu ambacho tayari kipo na kukiwajibikia.

Mgawanyo huu wa kazi una historia. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alichapisha pendekezo la kupanga data katika majedwali yenye safu na mistari, ambamo anayeuliza swali hahitaji kujua data zimelazwa wapi ndani ya mashine. Tangu hapo data ziliweza kuishi maisha yao mbali na programu zilizoziingiza. Programu hubadilishwa, data hubaki. Palipo na kitu kinachobaki, hapana budi pawe na mtu wa kukitunza.

3.0 Stadi za mtunga programu

Chukulia kituo cha uandikishaji katika kijiji cha wilaya ya Kabambare. Raia anakaa mbele ya mashine; karani anaandika jina lake, anapiga picha, anachukua alama za vidole, kisha kadi inachapishwa. Kila hatua ya tendo hilo imetanguliwa na uamuzi wa mtunga programu, ambaye huenda hajapata kufika Maniema.

Stadi yake ya kwanza ni kuchanganua kazi: kuigawa katika hatua ndogo zenye utaratibu na kuyaona mapema mambo yatakayokwenda kombo. Umeme wa jenereta ukikatika baada ya picha kupigwa na kabla ya jina kuhifadhiwa, itakuwaje? Programu iliyotungwa vyema hufuata kanuni ya "yote au hakuna": ama kumbukumbu nzima imeingia, ama haikuingia hata herufi moja. Programu mbovu huacha nusu ya mtu ndani ya daftari.

Stadi ya pili ni kumwelewa mtumiaji. Mzee wa Kabambare aweza kuujua mwaka wake wa kuzaliwa kwa kukadiria tu. Ikiwa programu haikubali mwaka peke yake, humlazimisha karani kubuni siku na mwezi, na uongo huo mdogo huingia katika daftari ukiwa umevaa vazi la ukweli. Mtunga programu stadi huacha nafasi ya kutojua.

Stadi ya tatu ni kuvumilia mabadiliko. Kazi yake hupimwa kwa kasi ya kuleta kilicho kipya na kwa wepesi wa kukisahihisha. Akikosea leo, kesho hutoa toleo jingine. Kosa lake, kwa kawaida, laweza kutenguliwa.

4.0 Stadi za msimamizi wa hifadhidata

Msimamizi huanza pale mwenzake anapoishia. Mahali pasipo na mtandao, kumbukumbu huwekwa kwanza ndani ya mashine ya kituo, kisha husafirishwa na kuunganishwa na nyingine. Hapo ndipo msimamizi anapokabiliwa na wingi. Katika uandikishaji uliofanyika kati ya mwaka 2016 na 2018, CENI iliandikisha zaidi ya watu milioni 46 kwa nchi nzima. Baada ya kuondoa walioandikwa zaidi ya mara moja pamoja na wasiotimiza umri, walibaki takriban milioni 40. Mwaka 2023 daftari lilikuwa na watu takriban milioni 44.

Wingi huo wenyewe ni tatizo la kitaalamu. Kama kila mtu kati ya milioni 40 angelinganishwa na kila mwingine ili kuona kama ni mmoja, milinganisho ingekuwa takriban trilioni 800. Stadi ya kwanza ya msimamizi, basi, ni kupanga: kujenga faharasa zinazoiwezesha mashine kufika panapohusika bila ya kupita kila mahali, kama vile msomaji wa kamusi asivyoanza kwenye A anapotafuta neno "zawadi".

Stadi ya pili ni kulinda. Msimamizi huamua nani asome, nani aandike, nani afute. Naye huhakikisha kwamba kila badiliko linaacha alama ya aliyelifanya na saa alipolifanya. Daftari ambalo mtu aweza kulibadili bila ya kujulikana si daftari.

Stadi ya tatu ni kuweka nakala za akiba na, lililo gumu zaidi, kuzijaribu. Wengi huweka nakala. Wachache huzifungua kabla ya siku ya msiba ili kuona kama zinasomeka. Msimamizi stadi huigiza msiba wakati wa salama: huichukua nakala, huijenga upya hifadhidata katika mashine nyingine, huhesabu kama mistari imetimia.

Stadi ya nne ni ya tabia kuliko ya elimu, nayo ni uangalifu. Agizo moja la kufuta, likikosewa sharti, laweza kuondoa wilaya nzima kwa muda mfupi kuliko wa kutaja jina lake. Kwa hiyo msimamizi hupimwa kwa mambo yasiyotokea. Akifanya kazi yake vyema, hakuna anayemtaja.

5.0 Wanapofanana na wanapotofautiana

Wote wawili huhitaji mantiki, subira ya kutafuta chanzo cha kosa, na ujuzi wa lugha ya kuulizia data. Mtunga programu asiyejua namna data zinavyopangwa huandika maswali yanayoielemea mashine; msimamizi asiyejua namna programu zinavyoandikwa hawezi kueleza kwa nini mashine imeelemewa. Katika ofisi ndogo mtu mmoja hushika kazi zote mbili, na yawezekana akazimudu.

Hata hivyo, tofauti zao ni za msingi. Mtunga programu huulizwa, "Umeongeza nini?" Msimamizi huulizwa, "Umepoteza nini?" Wa kwanza hutaka mabadiliko, wa pili huyatilia shaka hadi yathibitike. Wa kwanza aweza kufanya kazi Kinshasa, Seoul au Nairobi na kutuma matunda yake. Wa pili hana budi kuwa karibu na kile anachokitunza, au walau kuwa na mtu mwaminifu aliye karibu nacho.

Uchaguzi wa mwaka 2018 ulidhihirisha tofauti hiyo. Mashine za kupigia kura, zilizotengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea ya Kusini, zilizua mabishano makubwa. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine ikachapisha karatasi ya kura, naye akaitumbukiza katika sanduku. Tarehe 13 Desemba 2018 moto uliteketeza ghala la CENI mjini Kinshasa pamoja na maelfu ya mashine hizo. Uchaguzi ulisogezwa kwa wiki moja, kutoka tarehe 23 hadi 30 Desemba, mashine nyingine zikatafutwa, na katika sehemu kubwa ya nchi kura zikapigwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: chombo kilichoteketea chaweza kuletwa kingine chenye programu ileile.

Lakini swali zito zaidi la mwaka huo halikuwa la chombo. Katika ukaguzi wa daftari uliofanywa mwaka huohuo, Shirika la Kimataifa la Nchi Zinazotumia Kifaransa (OIF) lilibaini kwamba asilimia 16.6 ya walioandikishwa, yaani zaidi ya watu milioni 6, hawakuwa na alama za vidole katika daftari. Upungufu wa namna hiyo hauponywi kwa kuleta mashine nyingine. Mtu aliyeondoka kituoni bila ya alama zake kuingia hawezi kutungwa upya ofisini. Lazima arudi yeye mwenyewe, na pengine alikwenda kituoni kwa miguu kutwa nzima.

6.0 Majina ya Kasongo na Kabambare

Pale alama za vidole zinapokosekana, uzito huangukia jina, tarehe ya kuzaliwa na picha. Hapa ndipo isimu inapoingia, na hapa ndipo Kasongo na Kabambare zinapokuwa mfano usio wa kawaida.

Katika karne ya 19 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, mpaka majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji huo mwaka 1893. Urithi wa zama hizo ni Uislamu ulioota mizizi, pamoja na lahaja ya Kiswahili iitwayo Kingwana. Majina mengi ya wenyeji yana asili ya Kiarabu, lakini yamepita katika vinywa vya wasemaji wa lahaja hiyo, kisha yakaandikwa na makarani waliosomea Kifaransa. Sauti zinazoandikwa th na dh katika Kiswahili sanifu huwa s na z: fedha ni feza, thelathini ni salasini. Vivyo hivyo Ramadhani akawa Ramazani, na Athumani akawa Asumani. Kwa kuwa s moja katikati ya irabu mbili husomwa z katika Kifaransa, karani aliiandika mara mbili, akapatikana Assumani. Na kwa kuwa j ya Kifaransa haitoi sauti ya j ya Kiswahili, Juma akaandikwa Djuma, na Rajabu akaandikwa Radjabu.

Msemaji yeyote wa Kiswahili hutambua mara moja kwamba Juma na Djuma ni jina moja. Kompyuta haitambui. Kwake hata Saidi na Saïdi ni majina mawili, kwa sababu i yenye nukta mbili ni alama nyingine kabisa.

Watunga programu wamelishughulikia tatizo hili kwa muda mrefu. Mbinu mashuhuri ni Soundex, ambayo Robert C. Russell alipata hataza yake Marekani mwaka 1918. Mbinu hiyo huiacha herufi ya kwanza ya jina, huziacha irabu, kisha huzipa konsonanti tarakimu kufuatana na makundi ya sauti, ili majina yanayosikika sawa yapate alama moja. Ilibuniwa kwa majina ya Marekani. Ikitumiwa kwa majina ya Kasongo, matokeo yake ni haya: Juma hupata J500, lakini Djuma hupata D250, Ramadhani hupata R535, lakini Ramazani hupata R525, Rajabu hupata R210, lakini Radjabu hupata R321, Athumani hupata A355, lakini Assumani hupata A255. Katika jozi zote nne mbinu hiyo imeshindwa. Imefaulu tu kwa Asumani na Assumani, ambao wote ni A255.

Sababu yake ni ya kiisimu. Soundex huhesabu z na d kuwa katika makundi mawili tofauti, na katika Kiingereza ni kweli. Katika historia ya Kingwana, z ni mrithi wa dh. Kanuni inayofaa Maniema ingesema: dj ihesabiwe kuwa j, dh na z zihesabiwe kuwa moja, th na s vivyo hivyo, konsonanti iliyorudiwa ihesabiwe mara moja. Kanuni hizo ni chache, na mwanafunzi wa fonolojia wa mwaka wa kwanza aweza kuziandika. Asiyejua lugha hawezi kuzibuni, hata akiwa mtunga programu hodari.

Hapo kazi ya msimamizi huanza tena. Yeye hataruhusu kanuni hiyo iyabadilishe majina yaliyoandikwa, kwa maana mwenye jina Djuma ana haki ya kubaki Djuma kwenye kadi yake. Ataongeza safu ya pili, isiyochapishwa, yenye umbo sanifu la kulinganishia. Tena hataruhusu mfanano wa majina peke yake umfute mtu. Katika eneo ambalo maelfu huitwa kwa majina yale machache, kufanana kwa jina ni dalili, si ushahidi. Mtunga programu hutoa pendekezo. Msimamizi hudai uthibitisho.

Jambo jingine ni mpangilio wa majina. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliwataka raia waache majina ya kigeni na kushika ya asili, na hadi leo fomu za Kongo zina nafasi tatu: nom, postnom na prénom. Mtu wa Kabambare anayejiita kwa jina lake, la baba na la babu hujaza nafasi hizo kadiri karani anavyomwelewa. Mwaka huu jina la baba huwekwa katika nafasi ya pili, uandikishaji ujao huwekwa katika ya tatu. Mtu ni yuleyule, lakini daftari lina watu wawili, na mmoja wao ataondolewa. Akiondolewa yule mwenye kadi iliyo mkononi, raia halisi hatalikuta jina lake kwenye orodha siku ya kupiga kura.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba mtunga programu na msimamizi wa hifadhidata hawashindani kwa ubora, bali wanagawana wajibu. Mmoja hujenga mlango, mwingine hutunza kilichomo ndani ya nyumba. Mlango mbovu huingiza uchafu. Mtunzaji mbovu hupoteza hata kilicho safi.

Kwa wilaya kama Kasongo na Kabambare, mafunzo ya vijana yangefaa kuanza na utunzaji. Programu zaweza kununuliwa au kuletwa kutoka mbali, na ndivyo ilivyokuwa kwa mashine za mwaka 2018. Utunzaji hauletwi kutoka mbali. Daftari la wapiga kura si daftari la pekee: shule zina orodha za wahitimu, zahanati zina kumbukumbu za chanjo, ofisi za serikali za mitaa zina vitabu vya vizazi na vifo. Vingi kati ya hivyo ni karatasi ambazo mchwa na mvua havitazisubiri. Kijana anayejua kupanga safu, kuweka nakala mahali pawili na kuijaribu nakala kabla ya msiba angefaa huko tangu siku ya kwanza, hata kama hajaandika programu hata moja.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wasijione kuwa wageni katika kazi hii. Swali la kama Djuma na Juma ni mtu mmoja ni swali la hifadhidata, ni swali la programu, na kabla ya yote hayo ni swali la lugha. Likijibiwa vibaya, haliharibu insha wala mtihani, bali humwondoa mtu katika daftari la nchi yake.